Barua Ndani ya Mtoto wa Meza

Kwako utakayekikalia kiti hiki Agosti
(kinayumba mguu wa kushoto, nimeukunjia gazeti):
sikuachii mtaala. Mtaala utaletwa na wilaya,
umefungwa kwa plastiki.
Nakuachia mpira.

Huu mwembamba, wa kufungia mabunda ya karatasi.
Usiutupe.
Kwetu huku Kifini kikirefusha sauti moja tu, dunia inageuka:
tuli ni moto,
tuuli ni upepo,
tulli ni forodha, pale askari anapokuuliza umebeba nini.
Oiva, miaka saba, meno mawili pengo,
alitusomea kwamba upepo umewaka jikoni
na bibi ameketi anauota.
Darasa likaangua kicheko. Mimi niliuona ule upepo,
mwekundu, ukilamba sufuria,
nikakaribia kumwachia.

Nilimpa mpira aushike kwa vidole viwili.
Irabu fupi, uache ulale.
Irabu ndefu, uvute.
Tu-li.
Tuuu-li.
Na konsonanti zikija pacha, simama kidogo, kisha ruka,
kama unavyoruka dimbwi lililoganda jana
wala hujui litakubeba.
Tul.
Li.
Wiki ya tatu mpira ulikatika.
Hakuniomba mwingine.

Mtoto akikwama kwenye neno, usimdakie.
Hesabu moyoni mpaka saba.
Najua saba ni ndefu, na saa ya ukutani ina kelele.
Mwaka wangu wa kwanza sikufika hata mbili;
neno lilinitoka kabla halijamwiva yeye,
nikawakuza ishirini na wawili
waliojua kuusoma uso wangu kuliko kitabu.
Hilo bado linanichoma.

Lempi atakudanganya. Anasoma kama treni ya usiku,
vituo vyote vinampita, taa zimewaka, hashuki.
Muulize: nani alikuwa analia?
Atakuangalia kana kwamba umemwomba nauli.
Basi funga kitabu. Mpe penseli, achore aliyelia
na mahali alipokuwa amesimama.
Kisha arudi ukurasa ule ule, mara ya pili, ya tatu.
Mkaguzi akisema kurudia ni kupoteza muda,
mpe kahawa.

Veeti hataki hadithi.
Anataka katalogi ya pikipiki za theluji.
Mwache asome katalogi: nguvu za farasi,
lita za tangi, bei, rangi tatu.
Mwezi Machi alinijia amenuna:
wameandika injini ni kimya,
na ya baba yake inaamsha kijiji.
Hapo nilijua amekuwa msomaji.
Msomaji ni yule anayegombana na karatasi.

Jumanne, saa tatu na nusu, mzee Eskola huleta mbwa.
Anaitwa Halla, ana miaka kumi na mmoja, ananuka kidogo.
Wenye aibu humsomea kwenye zulia, mmoja mmoja.
Halla hana kalamu nyekundu.
Neno likivunjika, yeye hupumua tu,
na mtoto huliokota mwenyewe.
Usiingie. Hata kuchungulia mlangoni, usichungulie.
(Mimi nilichungulia. Mara nyingi.)

Sasa la mwisho, ambalo nimeliahirisha barua nzima.
Kuna mmoja sikumfikisha.
Tauno, wa dirishani. Miaka miwili nimejaribu
mpira, kupiga makofi silabi, herufi za unga,
herufi za mchanga, mbwa.
Herufi zinamkimbia kama vifaranga.
Nimemwandikia mtaalamu wa Rovaniemi;
jibu litakukuta wewe.
Wakati unangoja, msomee.
Kila siku, hata dakika kumi, na usimuulize kitu.
Anasikiliza akiwa amekugeuzia kisogo,
lakini ukiruka sentensi moja, moja tu,
bega lake la kulia litapanda.

Mipira mipya nimenunua, boksi zima.
Iko nyuma ya chupa za wino.

Tuovi